Kuzuru kiwanda cha wiski Uskoti: mambo ya kutazama kabla ya kuonja

Wengi wanaokwenda Uskoti kwa ajili ya wiski huiharibu safari kabla hawajapanda ndege, kwa kupanga viwanda vinne au vitano katika siku moja. Kwenye ramani jambo hilo linaonekana jepesi. Kusini mwa kisiwa cha Islay, viwanda vya Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg vimefuatana kando ya barabara moja, na kutoka kijiji cha Port Ellen kuna njia ya waendao kwa miguu inayovipitia vyote, kama kilomita tano tu. Lakini ziara iliyo nzuri huchukua saa moja na nusu au zaidi, na kila moja humalizikia kwenye glasi. Ukifika cha tatu pua imechoka, kichwa kizito, na maelezo ya mwongoza wageni yanasikika kama yale ya saa nne zilizopita. Viwili kwa siku vinatosha: kimoja asubuhi, kimoja alasiri, na mlo kamili katikati.

Na katika hivyo viwili, chumba cha kuonjea si ndicho chenye thamani kubwa. Chupa ileile huuzwa duniani kote. Kisichouzwa popote ni nafasi ya kusimama kando ya tangi linalochachuka, kunusa, na kumuuliza mtu anayeliendesha kwa nini wao hufanya hivi na jirani yao hufanya vile. Ladha ya wiski huamuliwa katika hatua chache zinazoonekana kwa macho. Mgeni anayezijua hutoka na elimu. Asiyezijua hutoka na picha.

Kabla ya kufunga safari

Swali la kwanza ni kama kiwanda kitakuwa kinafanya kazi siku utakayofika. Kila kiwanda husimamisha uzalishaji kwa wiki kadhaa kila mwaka ili mitambo isafishwe na kukarabatiwa, na mara nyingi huwa ni kiangazi, Julai au Agosti, maji ya mito yanapopungua na kupata joto. Ndio msimu uleule wa watalii. Kituo cha wageni hakifungwi na tiketi huuzwa kama kawaida, ila utaonyeshwa matangi makavu na mitungi ya kukenekea iliyopoa. Andika barua pepe, taja tarehe, uliza kama siku hiyo wanazalisha.

Mwishoni mwa Mei, Islay hufurika kwa sababu ya tamasha la Fèis Ìle, na vyumba vya kulala huwekewa nafasi mapema mno. Eneo la Speyside nalo lina tamasha lake kati ya mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei. Tamasha ni zuri kwa anayetafuta chupa adimu na watu wa kuzungumza nao. Anayetaka kuona kazi aende Machi au Oktoba, avae vizuri, apate muda wa mwongoza wageni bila kusukumana.

Viwanda vingi huuza ziara za namna tatu: ya kawaida inayopitia hatua zote kwa haraka na kuishia kwenye glasi mbili tatu, ya kuonja ghalani moja kwa moja kutoka kwenye mapipa, na ya kina inayokuweka karibu na wafanyakazi kwa saa mbili au zaidi. Kwa safari ya kwanza, chukua ya kina kwenye kiwanda kimoja na ya ghalani kwenye kingine. Mbili za kawaida zitakueleza jambo lilelile mara mbili. Nafasi ziwekwe mtandaoni wiki kadhaa kabla, maana ziara za kina hupokea watu wachache.

Kufika Islay ni kwa feri ya kampuni ya CalMac kutoka bandari ya Kennacraig, safari ya saa mbili na ushei hadi Port Ellen au Port Askaig, au kwa ndege ndogo kutoka Glasgow. Upepo ukikaza feri huahirishwa, na ukungu huzuia ndege. Kwa hiyo usiipange ndege yako ya kurudi nyumbani siku ileile unayoondoka kisiwani. Weka siku moja ya akiba. Asiyetaka bahari ana njia nyingine. Kiwanda cha Strathisla, cha mwaka 1786, kiko mwendo mfupi kutoka stesheni ya Keith, kwenye reli ya Aberdeen hadi Inverness. Dalwhinnie nacho kiko karibu na stesheni ya jina hilohilo, kwenye reli ya Perth hadi Inverness.

Kuendesha gari kunataka tahadhari ya pekee. Tangu Desemba 2014, kiwango cha juu cha kileo kwa dereva Uskoti ni miligramu 50 kwa kila mililita 100 za damu, wakati Uingereza kwenyewe ni 80. Glasi moja iliyojazwa vizuri inaweza kukuingiza hatarini. Viwanda vinalijua hili, na dereva akijitaja mwanzoni mwa ziara, kwa kawaida hupewa sehemu yake katika vichupa vidogo akaionje jioni. Sema mapema, kabla glasi hazijamiminwa. Na ukumbuke asubuhi inayofuata: mwili huondoa takriban yuniti moja kwa saa, yaani mililita 10 za kileo halisi, na kahawa wala kuoga hakuharakishi lolote.

Viatu viwe bapa na vilivyofunika vidole, kwa sababu ngazi nyingi ni za vyuma vyenye matundu. Watoto wadogo mara nyingi hawaruhusiwi kuingia penye mitambo, hivyo anayesafiri na familia aulize umri unaokubaliwa. Marashi yaache chumbani. Yanaharibu pua yako na za wenzako.

Ndani ya kiwanda

Wiski ya kimea huanza na shayiri iliyolowekwa kwa siku mbili au tatu hadi unyevu wake ufike karibu asilimia 45, kisha ikaachwa ichipue. Kuchipua huamsha vimeng'enya vitakavyogeuza wanga kuwa sukari. Baada ya siku tano hadi saba hukaushwa kwenye tanuri, kwa sababu chipukizi likiendelea kukua litakula sukari yote. Viwanda vingi leo hununua kimea kilichokwisha kukaushwa kwenye viwanda vikubwa vya kimea, kwa hiyo hatua hii hutaiona kila mahali. Bowmore, Laphroaig na Kilchoman pale Islay, na Balvenie kule Dufftown, bado hutandaza sehemu ya shayiri yao sakafuni na kuigeuza. Springbank ya Campbeltown hujitengenezea kimea chake chote. Kama unaweza kuchagua, chagua kiwanda chenye sakafu hiyo.

Moshi nao huingia hapa, tanurini. Hutokana na piti, udongo mweusi wa kinamasi uliojengwa na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, ambao hukatwa, hukaushwa na kuchomwa. Kiasi cha moshi hupimwa kwa fenoli, kemikali zinazobeba harufu ya moshi: kimea cha Bowmore huwa karibu sehemu 25 kwa milioni, Lagavulin karibu 35, Ardbeg karibu 55. Mgeni akisikia namba hizi hudhani ndizo zilizomo kwenye chupa. Sivyo. Ni za kimea, na sehemu kubwa ya fenoli hupotea njiani katika kuloweka, kukeneka na kukaa ndani ya pipa. Ndiyo maana viwanda viwili vinavyotumia kimea cha kiwango kimoja vinaweza kutoa wiski zenye moshi usiofanana hata kidogo.

Kinu hupitwa haraka, ingawa kina jambo moja la kuuliza. Kimea kilichosagwa hugawanyika takriban hivi: asilimia 20 maganda, 70 chenga, 10 unga. Unga ukizidi, tangi la kulowekea kimea hicho kwa maji moto huziba na maji hayapiti. Chenga zikiwa kubwa mno, sukari hubaki ndani na kutupwa pamoja na machicha. Maganda ndiyo chujio. Uliza wanapima mara ngapi, na utajua kama unaongea na mtu anayeijua kazi.

Kwenye tangi la kulowekea, maji ya kwanza huingia yakiwa na joto la nyuzi 63 au 64 za Selsiasi. Juu ya hapo vimeng'enya huanza kufa kabla havijamaliza kazi, na chini sana wanga haulainiki vya kutosha. Maji ya pili huwa na joto zaidi, ya tatu hukaribia kuchemka, na hayo ya tatu hayaendi mbele. Huhifadhiwa yawe maji ya kwanza ya mzunguko unaofuata, ili sukari kidogo iliyobaki isipotee. Kinachotoka ni maji matamu ya kimea. Uliza kama wao hupendelea yatoke maangavu au yenye ukungu. Yenye ukungu, yaliyobeba chembe za nafaka, huelekea kutoa wiski yenye harufu ya nafaka na njugu; maangavu husaidia kutoa yenye harufu ya matunda.

Hapa ndipo ningekushauri usiwe na haraka: uchachushaji. Maji matamu hupozwa hadi chini ya nyuzi 20, hamira huongezwa, na tangi huanza kufura. Saa chache baadaye povu hupanda hadi karibu na kifuniko, na panga linalozunguka ndani hulikata lisimwagike. Ndani ya saa 48 hivi hamira huwa imekula sukari karibu yote, na unachopata ni kama bia isiyo na hopi, yenye kileo cha asilimia 7 hadi 9. Kiwanda kinaweza kuishia hapo. Vingine huacha hadi saa 70, 100 au zaidi, na katika saa hizo za nyongeza bakteria wa asidi laktiki huchukua zamu na kuleta harufu ya matunda na malai. Muda huu ni uamuzi wa kiuchumi pia, kwa sababu tangi linalokaliwa siku nne huzalisha nusu ya lile linalokaliwa mbili. Kiwanda kinachosema "saa 100" kimekubali kutoa wiski chache kwa ajili ya ladha. Ukiuliza swali moja tu katika ziara nzima, uliza muda wa kuchachusha.

Matangi haya huwa ya mbao za msonobari au ya chuma kisichoshika kutu. Watetezi wa mbao husema mbao huhifadhi bakteria wema na hushika joto; watetezi wa chuma husema usafi ni rahisi na matokeo hayatofautiani. Wote wawili wanatoa wiski nzuri. Ukiruhusiwa kufungua kifuniko, usitumbukize kichwa. Tangi limejaa gesi ya kaboni dioksidi, nayo huchoma pua na koo na inaweza kukuangusha. Peperusha hewa kwa mkono kuelekea usoni, kisha rudi ulinuse tangi jingine lililo katika siku tofauti. La siku ya kwanza hunuka mkate. La siku ya nne hunuka tufaha na tindikali.

Chumba cha mitungi ya shaba nyekundu ndicho kinachopigwa picha zaidi, pale inaporuhusiwa. Viwanda vingi hukataza simu humo kwa sababu mvuke wa kileo hushika moto, na katazo hilo lifuatwe bila kubishana. Kwa kawaida hukenekwa mara mbili. Mtungi wa kwanza huipandisha ile bia hadi asilimia 21 hadi 25. Una kidirisha shingoni ili mwendeshaji aone povu. Joto likizidi, povu hupanda hadi kwenye mkono wa mtungi na kuchafua kila kitu mbele yake. Mtungi wa pili ndio wenye uamuzi. Kinachotoka mwanzo, kichwa, ni kikali na hakifai. Katikati ni moyo, ndio utakaokuwa wiski. Mwisho ni mkia, mzito wenye harufu ya ngozi mbichi na jasho. Kichwa na mkia hurudishwa kukenekwa upya.

Mwendeshaji huona haya yote kupitia sanduku la kioo lenye kufuli, lililowekwa zamani ili mtoza ushuru ahakikishe hakuna tone linaloibwa. Hupima kwa haidromita, kifaa cha kupimia kileo, na huongeza maji kidogo: kimiminika cha kichwa hugeuka ukungu, na kinapobaki kiangavu moyo umefika. Viwanda vingi huanza kukusanya moyo karibu na asilimia 72 hadi 75 na kuacha mahali fulani kati ya 65 na 60. Hizo asilimia chache za mwisho ni tabia nzima ya kiwanda. Fenoli za moshi hutoka kwa kuchelewa, kwa hiyo anayetaka moshi hukusanya hadi chini zaidi. Anayetaka wepesi wa maua huacha mapema. Uliza namba mbili, ya kuanza na ya kuacha, uziandike, ulinganishe na kiwanda cha pili. Hakuna kulinganisha kunakofundisha zaidi ya huko.

Umbo la mtungi nalo huonekana kwa macho. Mvuke unaogusa shaba kwa muda mrefu hupoteza misombo ya salfa na huwa mwepesi. Mitungi ya Glenmorangie ina shingo za mita 5.14, ndefu kuliko zote Uskoti, na wiski yake ni laini. Macallan hutumia mitungi midogo na kupata kimiminika kizito. Kisha tazama mvuke unapozwa vipi. Vingi hutumia vipozeo vya mabomba mengi membamba, lakini Talisker na Dalwhinnie bado wana bomba lililojikunja ndani ya pipa kubwa la maji baridi huko nje. Shaba ndani yake ni kidogo, na wiski changa hutoka na uzito wa nyama unaohitaji miaka pipani kutulia.

Ghalani kimiminika huingizwa kwenye mapipa, kwa desturi kikiwa asilimia 63.5. Sheria ya wiski ya Uskoti ya mwaka 2009 inataka mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, miaka isiyopungua mitatu, yote ndani ya Uskoti, na chupa isiwe chini ya asilimia 40. Umri ulioandikwa kwenye chupa ni wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Mapipa mengi hutoka Marekani, kwa kuwa Bourbon, wiski ya huko, hulazimika kutumia mapipa mapya na yaliyotumika huuzwa. Hayo hubeba lita 200 hivi na hutoa vanila na nazi. Mapipa makubwa ya mvinyo wa sheri, ya lita 500, hutoa zabibu kavu na viungo. Karibu asilimia 2 hupotea hewani kila mwaka, kiasi kwamba lita 200 hubaki kama 157 baada ya miaka 12. Kuta na miti iliyo karibu na maghala huwa myeusi kwa kuvu aina ya Baudoinia anayeishi kwa mvuke huo. Maswali mazuri ya hapa ni mawili: pipa hili limejazwa mara ya ngapi, na wiski hii hutiwa rangi? Sheria inaruhusu karameli ya kutia rangi, kwa hiyo weusi wa wiski si ushahidi wa umri.

Glasi, kisha sanduku

Uanze na nyepesi, umalizie na ya moshi. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, na glasi isifike puani. Kileo cha asilimia 58 hufisha pua ndani ya sekunde chache. Onja kidogo bila maji, halafu ongeza maji. Hesabu yake ni rahisi: mililita 20 za asilimia 58 huhitaji kama mililita 9 za maji kufika 40. Ongeza matone machache machache, usimimine yote mara moja, kwa sababu maji hayatoki tena. Wiski iliyo chini ya asilimia 46 ikiwa angavu kabisa hata ukiiwekea maji baridi, huenda imepozwa na kuchujwa kiwandani. Si dosari, ila baadhi ya mafuta yenye ladha yameondoka. Glasi tano za mililita 20 zenye asilimia 46 ni yuniti 4.6, na mwongozo wa afya wa huko ni kutopita 14 kwa wiki. Kutema si utovu wa adabu. Omba chombo.

Dukani, nunua kile usichoweza kukipata kwingine: chupa ya kiwanda hicho pekee, au ile unayojijazia mwenyewe kutoka pipani. Ya kawaida mara nyingi ni rahisi zaidi madukani mjini. Maduka hayauzi pombe ya kuondoka nayo kabla ya saa nne asubuhi wala baada ya saa nne usiku. Marejesho ya kodi ya VAT kwa wasafiri yalikoma Januari 2021, ingawa duka linalokutumia chupa moja kwa moja nje ya nchi linaweza kuiondoa kodi hiyo. Noti za pauni zilizochapwa na benki za Uskoti zitumie kabla hujaondoka, maana ukishavuka kwenda Uingereza wauzaji wengine husita kuzipokea.

Kwenye ndege, vinywaji vya kati ya asilimia 24 na 70 vinaruhusiwa hadi lita tano kwa mtu katika mzigo unaokaguliwa, vikiwa katika vifungashio vya dukani. Zaidi ya 70 hairuhusiwi kabisa, kwa hiyo kichupa cha wiski changa isiyokaa pipani kisomwe lebo kwanza. Kiwango cha kuingiza bila ushuru hutegemea unakokwenda, na kama unapitia nchi inayokataza pombe, angalia sheria za kupita pia. Chupa ya mililita 700 iliyojaa ina uzito wa kati ya kilo 1.2 na 1.5. Funga kila moja ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, izungushie sweta, uiweke katikati ya sanduku mbali na kuta zake. Ukifika isimamishe: wiski ikigusa kizibo cha koki kwa muda mrefu hukila, na kizibo hukatika siku ya kufungua.